Wino wa rangi Karatu: unamfaa nani?

Kwezi maridadi ana jicho jeupe na mkanda mweupe kifuani. Kwezi wa Hildebrandt ana jicho jekundu, na mkanda hana. Ndege hawa huokota makombo pamoja kwenye maeneo ya kulia chakula huko Ngorongoro, na mwongoza watalii wa Karatu anayewachanganya mbele ya mgeni mwenye darubini shingoni hupoteza heshima asubuhi hiyo hiyo, pengine na bakshishi ya jioni. Ndiyo maana waongozaji wengi wanaopanda kuelekea lango la Lodoare hubeba kitabu cha ndege cha Stevenson na Fanshawe kilichotoka mwaka 2002, chenye michoro ya rangi ya zaidi ya spishi 1,300 za Afrika Mashariki. Ni kinene kama tofali, na vumbi la barabara huingia katikati ya kurasa zake.

Wauzaji wa vifaa vya kusomea vitabu wanadhani tatizo hilo wameshalitatua. Wanacho kitabu cha elektroniki chenye skrini ya rangi, chembamba kama daftari, kinachobeba maelfu ya vitabu na kukaa na chaji kwa wiki kadhaa. (Kwa mazoea yetu ya kuita kila dawa ya meno Kolgeti, wengi huviita vyote Kindle, hata vilivyotengenezwa na wengine.) Vingine vimetengenezwa kwa ajili ya shule: skrini pana, kalamu ya kuandikia pembeni, kamusi inayofunguka neno likiguswa. Kisha matangazo huongeza kwamba kifaa hicho cha mwanafunzi kinamfaa pia mtu yeyote apendaye kusoma. Hapo kwenye "mtu yeyote" ndipo panapotakiwa kusimama kidogo.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 2012 kampuni ya ECTACO ya New York, iliyojulikana zaidi kwa kamusi za elektroniki, iliingiza sokoni jetBook Color, kifaa cha inchi 9.7 kilicholenga wanafunzi na kuuzwa dola 499. Kilitumia wino wa rangi wa kampuni ya E Ink ulioitwa Triton. Picha zake zilikuwa zimefifia kama kitenge kilichofuliwa mara mia, na kwa kuwa hakikuwa na taa, mwanafunzi aliyekaa mbali na dirisha alisoma kwa kubahatisha.

Chanzo cha kufifia huko kiko katika maumbile ya skrini yenyewe. Wino wa elektroniki ni vifuko vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme huzivuta nyeusi juu au nyeupe juu, kisha chembe hukaa hapo hapo bila kula umeme tena mpaka msomaji ageuze ukurasa. Skrini haimulikii jicho kama ya simu. Inarudisha mwanga wa jua au wa taa kama karatasi inavyofanya. Kwa maandishi meusi, ufundi huu ni mzuri ajabu. Ili kupata rangi, njia iliyoenea zaidi ni kutandika juu yake chujio lenye vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Chujio hilo hula sehemu ya mwanga, hivyo weupe wa ukurasa hugeuka kijivu. Na kwa kuwa nukta kadhaa hulazimika kushirikiana ili kutoa rangi moja, picha hupoteza ukali.

Kizazi cha wino wa E Ink kiitwacho Kaleido 3, kilichotangazwa mwaka 2022, kimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Maandishi meusi hupata nukta 300 kwa inchi, picha ya rangi hupata 150, na rangi zote kwa jumla ni 4,096. Skrini ya simu janja ya kawaida huonyesha zaidi ya milioni 16. Mwaka 2024 Kobo walitoa Clara Colour ya inchi 6 kwa dola 150 hivi, na Oktoba mwaka huo huo Amazon wakatoa Kindle Colorsoft ya inchi 7 kwa dola 280, ambayo baadhi ya wanunuzi wa mwanzo waliikuta na utepe wa njano chini ya skrini, ikabidi kampuni irekebishe. Hata kampuni tajiri kiasi hicho, basi, bado inahangaika na rangi.

Dola 280, ukiipiga dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 700,000 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18.

Sasa tumrudie mwongoza watalii. Miongoni mwa wasomaji wote wa Karatu, yeye ndiye mwenye sababu nzito ya kutaka rangi, maana kazi yake hukamilika au huharibika kwa jicho jeupe na jicho jekundu. Lakini jicho la kwezi katika mchoro ni kitone tu, na kitone hicho kwenye skrini ya nukta 150 huwa doa lisiloeleweka. Wakati huo huo kuna programu ya simu ya ndege wa Afrika Mashariki inayoonyesha rangi zote na kumlizia sauti ya ndege juu yake. Kwa hiyo hata huyu, ambaye kwa haki angekuwa mteja wa kwanza, amekwishahudumiwa na kitu kilichomo mfukoni mwake.

Mkulima wa kahawa wa Oldeani yuko karibu katika hali hiyo hiyo. Kutu ya majani humjia kama unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Chulebuni humjia kama mabaka meusi yaliyobonyea kwenye tunda bichi. Kijitabu cha kumfundisha kutofautisha magonjwa hayo kinahitaji rangi, tena rangi ya kweli, kwa sababu dawa ya moja si lazima iwe dawa ya jingine. Rangi ya chungwa iliyopauka inaweza kumpeleka dukani akanunue kitu kisichohitajika. Picha iliyotumwa na bwana shamba kwa WhatsApp inamfaa zaidi, na haimgharimu laki saba.

Waliobaki ni wengi kuliko hao wawili: mwalimu wa Rhotia, muuguzi wa Endulen, mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola anayesubiri lori lijae, binti anayerudia mtihani wa kidato cha nne. Wanasoma gazeti, Biblia au Kurani, riwaya, miongozo ya kazi, maswali ya mitihani iliyopita. Karibu yote hayo ni maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Rangi inawaongezea jalada zuri la kutazama mara moja, kisha wanalipia kila siku weupe uliogeuka kijivu.

Kuna pia suala la ukubwa, ambalo wauzaji hulipitia haraka. Riwaya hupenda skrini ndogo: kifaa cha inchi 6 hushikwa kwa mkono mmoja ndani ya basi la Arusha, na herufi hukuzwa msomaji apendavyo. Kitabu cha kiada hakikubali mchezo huo. Ukurasa wake umepangwa kwa picha, jedwali na zoezi, na ukihifadhiwa kama PDF hubaki na umbo lake. Kwenye inchi 6 herufi zinakuwa kama siafu. Kwa hiyo kifaa cha shule hulazimika kufika inchi 10 au zaidi, na huko ndiko bei inakopanda. Boox Note Air3 C ya inchi 10.3 iliyotoka 2023 iliuzwa karibu dola 500, yaani pale pale jetBook ilipokuwa miaka 11 nyuma. Msomaji wa riwaya anayeuziwa kifaa cha mwanafunzi analipia upana asiouhitaji, kalamu atakayoipoteza na rangi atakayoisahau.

Haki nayo itendeke. Wino wa elektroniki wenyewe, ukiachilia mbali rangi, ni kama ulibuniwa kwa ajili ya Ngorongoro. Mchana wa Olbalbal jua hupiga mpaka skrini ya simu inageuka kioo cha kujitazamia. Karatasi ya elektroniki hapo ndipo inapozidi kusomeka. Ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu hukaa hadi saa nne au tano asubuhi na sola ndogo ya paa huambulia kidogo. Kifaa kinachochajiwa mara moja kwa wiki mbili hakigombani na taa ya nyumbani wala na simu ya baba. Ila sifa zote hizo, kuanzia jua hadi chaji, ni za wino mweusi vilevile, na kifaa cha nyeusi na nyeupe ni cha bei ya chini na weupe wake ni mweupe zaidi.

Afrika imekwishajaribu mambo haya, na majibu yapo. Shirika la Worldreader, lililoanzishwa mwaka 2010, lilianza na Kindle za nyeusi na nyeupe katika shule za Ghana. Watoto walisoma zaidi, na wizi ambao watu waliuogopa haukuwa tatizo kubwa. Lililowashangaza ni uvunjikaji: kati ya vifaa 600 vya majaribio, 243 viliharibika, hasa kwa kupasuka skrini. Mwaka 2011 shirika hilo lilifika Kilgoris, upande wa Kenya, kwa Wamaasai ambao maisha yao mtu wa Ngorongoro angeyatambua bila kuelezwa. Baadaye likaingia kwenye maktaba za umma za Kenya. Lakini kufikia 2012 lilikuwa limekwishaanza kupeleka vitabu kwenye simu za kawaida, na huko ndiko lilikowekeza nguvu zake zaidi miaka iliyofuata. Utafiti wa UNESCO wa mwaka 2014 kuhusu wasomaji wa simu katika nchi saba, Uganda na Ethiopia zikiwemo, ulikuta kwamba theluthi moja ya waliohojiwa walikuwa wakiwasomea watoto hadithi kutoka kwenye simu. Simu zenyewe nyingi zilikuwa za skrini ndogo kama kiberiti.

Tanzania ina ushahidi wake, na ni mzito zaidi. Kati ya 2017 na 2019 mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa shindano la Global Learning XPRIZE lenye zawadi ya dola milioni 15. Watoto karibu 3,000 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vya Google aina ya Pixel C, vikichajiwa kwa sola, vikiwa na programu za kujifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Kiswahili bila mwalimu. Kabla ya kuanza, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilishuka kwa nusu. Mwezi Mei 2019 timu za onebillion na Kitkit School ziligawana ushindi.

Vishikwambi vile vilikuwa na rangi, ndiyo, na rangi iliwavuta watoto. Lakini vilikuwa pia na sauti iliyotamka herufi, mchezo uliomrudisha mtoto pale alipokosea, na juu ya yote, maudhui yaliyoandikwa kwa lugha aliyoihitaji. Kitabu cha elektroniki cha rangi hakina mengi ya hayo. Kurasa zake hubadilika polepole, picha hazichezi, na vingi havina hata spika. Kwa mtoto anayeanza kusoma huko Nainokanoka, ambaye nyumbani huongea Kimaasai na shuleni anadaiwa Kiswahili, kifaa kinachotamka "twiga" ni mwalimu. Kinachoonyesha tu twiga aliyepauka ni bango.

Zaidi ya hapo, serikali imeshafanya nusu ya kazi pengine bila kukusudia. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu mara zoezi lilipokwisha. Mwalimu aliyekipata ana skrini ya rangi tayari, na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada hufunguliwa bure. Kumwongezea mwalimu huyo kifaa kingine cha rangi, cha polepole zaidi, ni kumnunulia koti la pili aliye na koti huku viatu hana.

Viatu, katika mfano huu, ni vitabu vya Kiswahili vya kuweka ndani ya kifaa. Hapa ndipo hoja nzima ya rangi inapokosa mguu wa kusimamia. Kwa miaka mingi Kiswahili, lugha ya watu zaidi ya milioni 100, hakikuwamo kwenye orodha ya lugha ambazo Amazon inakubali mwandishi kujichapishia kitabu cha Kindle. Kamusi ya Kiswahili haimo pia miongoni mwa kamusi zinazokuja na kifaa hicho. Fikiria mwanafunzi wa kidato cha kwanza pale Karatu mjini: miaka yote ya msingi amesoma kwa Kiswahili, Januari moja anaamka na baiolojia, jiografia na hesabu ziko kwa Kiingereza. Kama kuna kitu kimoja ambacho kifaa cha shule kingemfanyia, ni kugusa neno "photosynthesis" na kuletewa "usanisinuru". Akigusa leo, ataletewa maelezo ya Kiingereza ya neno la Kiingereza. Kamusi ya Kiingereza–Kiswahili ya TUKI imekuwapo tangu 1996. Kuiingiza humo kungemsaidia kijana huyo kuliko rangi zote 4,096.

Nchi hii iliwahi kulielewa jambo hili vizuri. Kampeni ya kisomo chenye manufaa ya miaka ya 1970 iliendeshwa kwa vijitabu vya karatasi duni: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kinachohusu pamba, mfugaji kwa kitabu cha ng'ombe. Kanda ya Ziwa ikapata na gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho. Kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka zaidi ya asilimia 60 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 10 mwaka 1986. Vijitabu vile havikuwa na mvuto wowote wa macho. Vilikuwa na habari za msomaji mwenyewe, kwa lugha yake, na vilimfikia. Fedha zilipokauka na vijitabu vikakoma kufika, wengi waliojifunza wakaanza kusahau.

Je, basi, rangi haina mahali kabisa wilayani Karatu na Ngorongoro? Inapo mahali pamoja, pafinyu lakini pa kweli. Hadithi za watoto zenye picha, kama zile za African Storybook zinazopatikana bure kwa Kiswahili na hata kwa Kimaasai, hupoteza nusu ya utamu zikiwa nyeusi na nyeupe. Shule iliyo mbali na mtandao, isiyo na umeme wa uhakika, yenye mwalimu anayependa kusomea watoto hadithi, ingenufaika na kasha la vifaa vitano au sita vya wino wa rangi vyenye hadithi zilizopakuliwa kabla, vikiwa na makava imara na mtu anayewajibika kuvihesabu jioni. Mtoto mmoja mmoja hakabidhiwi cha kwake. Vinashirikiwa kama mpira wa shule. Hapo uzito wa bei unagawanyika, kupauka kwa picha kunavumilika kwa sababu mbadala ni kukosa picha kabisa, na chaji ya wiki mbili inakuwa na maana. Wageni wanaolala kwenye hoteli za Karatu na kuuliza wailetee nini shule ya jirani wangeweza kuelekezwa huko badala ya kuleta peremende na kalamu. Wakumbushwe tu kwamba kifaa kitupu ni mzigo kwa mwalimu mkuu. Waje nacho kimejazwa hadithi za Kiswahili.

Kwa mtu mzima anayejinunulia mwenyewe, kifaa cha shule chenye rangi ni manunuzi mabaya. Akiwa anasoma sana, kila siku, na macho yanamuuma kwa simu, anunue cha nyeusi na nyeupe chenye taa, cha inchi 6 au 7, kilichotumika ikibidi, na achague kinachosoma faili za EPUB na PDF bila masharti mengi. Akiwa anasoma mara mojamoja, karatasi bado inamshinda mpinzani wake kwa hesabu ya dukani: kwa shilingi 700,000, hata kila riwaya ikiwa ni shilingi 15,000, anaondoka na vitabu 46, anavisoma, anaviazima, na kimoja kikianguka kutoka kwenye bodaboda hakipasuki kioo.

Na kabla hajatoa senti, afanye jaribio lisilo na gharama zaidi ya bando. Jumapili moja achukue simu aliyonayo, aingie kwenye maktaba mtandao ya TET au hadithi za African Storybook, asome kurasa 20 mfululizo, 10 kivulini na 10 juani. Akizimaliza bila kulaani skrini, fedha yake ibaki mfukoni. Akishindwa kwa sababu ya jua au macho, atakuwa amejua anachohitaji, na kitakachomwondolea adha hiyo ni wino mweusi na taa nzuri.